Magoti ya Rolande, Tumbo la Huguette

Mama mdogo wangu Rolande aliiona Montreal kwa mara ya kwanza akiwa na miaka sitini na tisa, ndoo ya bluberi, vile vitunda vya buluu vya kwao, mapajani na siri kifuani. Kwao Roberval, kando ya Ziwa Saint-Jean, hakuwahi kuona sababu ya kutoka. Alishona mapazia ya watu mpaka akastaafu, akamzika mume, kisha akahamia kwa dada yake Huguette, ambaye hakuolewa na hakuona hasara. Wawili hao waligombana kila jioni kuhusu chumvi ya supu, wakapatana kabla ya taarifa ya habari. Mama yangu, ambaye alikuwa katikati yao kwa kuzaliwa, alikwisha kututangulia. Mimi, Mireille, ndimi mtoto waliyebaki naye.

Siri yenyewe ilikuwa hivi. Kipupwe kilichopita Rolande alishikwa na homa ya mapafu, akalazwa, padri akaitwa na mafuta yake. Huguette, huku akilia ukumbini mwa hospitali, akaweka nadhiri kwa Mtakatifu Yosefu: mdogo wangu akiamka, nitakuja Montreal kwenye kanisa lako la mlimani, nipande ngazi zako zote kwa magoti. Rolande akaamka. Akaomba supu, akalalamika kwamba haina chumvi. Lakini theluji ilipoanza kuyeyuka, Huguette akateleza kwenye barafu ya mwisho mbele ya mlango wake, akavunja nyonga. Daktari akamtia chuma na kumwambia kwamba habari ya kupiga magoti asahau.

Mtakatifu Yosefu, kwa watu wa rika lao, si mtu wa kuambiwa habari za nyonga. Ukiahidi, unaondoa nadhiri. Huguette alikosa usingizi mpaka walipokaa mezani wakagawana kazi. "Wewe toa magoti," alisema Huguette, "mimi natoa tumbo." Tangu Rolande apande basi Ijumaa asubuhi, Huguette hatatia kitu mdomoni isipokuwa maji na chai kavu, mpaka apigiwe simu kutoka juu ya ngazi. Basi huingia Montreal mchana. Kwa hesabu yao jambo lingekwisha jioni ileile, na Huguette alikuwa ameshajiwekea pai ya nyama kwenye friji ya kufungulia mfungo.

Utauliza kwa nini Rolande hakutuambia sisi wenyeji wake. Inabidi kwanza umjue mume wangu, Réjean. Kazi yake ni kupanga koni za rangi ya chungwa kwenye barabara zinazochimbwa, na kwa mji wetu hiyo ni kazi ya maisha. Sisi watu wa Kebeki tuliacha kanisa tukabaki na majina ya vyombo vyake, ambayo kwetu ndiyo matusi, na Réjean ni hodari wa matusi hayo. Akijigonga kidole atataja tabenakulo, kahawa ikimwagika atataja kalisi, na gari lisipowaka atataja vyombo vyote vya altareni mpaka liwake. Kwenye harusi ya binamu yangu aliona rozari imetundikwa kwenye kamba ya nguo, kama wazee wetu wafanyavyo ili mvua isinyeshe. Akauliza kwa sauti kama itakauka kabla ya soksi. Watu walicheka sana. Aliyeitundika alikuwa Rolande.

Kwa hiyo mama mdogo alipotupigia simu kwamba anakuja, alisema tu, "Nataka niuone mji kabla sijafa." Angejua amejitia kitanzi! Mwambie Réjean kwamba unataka kuuona mji, uone kama utapata nafasi ya kupumua. Alimwomba ruhusa msimamizi wake, akaosha gari, akaandika kichwani kila kitu cha kuliwa kati ya bandari na mlima.

Tulimpokea kituo cha mabasi. Alishuka na kikoti chake cha Jumapili, ndoo mkononi.

"Mama mkwe!" Réjean alimvamia. "Huko ziwani hawawalishi? Umebaki kikoti kitupu!"

"Sijakonda, mwanangu, nimechoka tu na kukaa. Ningependa kutembeatembea kidogo peke yangu, ninyooshe miguu."

"Peke yako? Katika mji huu? Hata mimi ninayepanga koni hupotea. Mpe Mireille hiyo ndoo, twende ukale."

"Nimeshiba, haki ya Mungu nimeshiba."

Tumbo lake likamkana papo hapo kwa mlio ambao hata dereva wa basi aliusikia. Réjean akacheka, akamshika mkono.

Tukaenda kwenye ile tanuri ya kuni wanakooka begeli, vile vijimkate vya mviringo vyenye tundu katikati, vinavyochovywa maji ya asali kabla ya kuingia motoni na kufunikwa ufuta. Mwokaji alivitoa kwa ubao mrefu, akavimwaga kwenye kasha mbele yetu. Rolande alipewa kimoja cha moto. Alikishika kwa mikono miwili, akakitazama, akamtazama Réjean aliyekuwa anamngoja kwa meno yote nje. Kusema hapana kungehitaji maelezo. Akauma. Niliona macho yake yakifumba. Cha kwanza kikaisha tukiwa bado dukani, cha pili kikaisha njiani, kisha akaomba mfuko wa vingine sita vya kumpelekea Huguette, na akaushika mfuko ule kifuani mpaka nyumbani.

Jioni aliniomba simu, akaingia nayo bafuni, akafunga mlango. Nilidhani wanateta habari zetu. Yaliyosemwa nilikuja kusimuliwa baadaye.

"Umeshapanda?" aliuliza Huguette.

"Bado, dada. Basi lilichelewa." Basi halikuchelewa hata kidogo.

"Basi kesho."

"Nawe hujala kitu?"

"Nile vipi na wewe bado? Usihangaike. Tumbo langu halina pa kwenda."

Rolande alibaki ameketi kwenye ukingo wa beseni la kuogea. Punje ya ufuta ilikuwa ingali katikati ya meno yake, na kila alipoigusa kwa ulimi aliona aibu. Dada yake, mwenye chuma nyongani, alikuwa na njaa kwa ajili ya uhai wake yeye, na yeye alikuwa ameshiba begeli. Alijiapiza kwamba kesho, kabla ya jambo lolote, atatuambia.

Kesho ikafika na Réjean akafika nayo, funguo mkononi. Tulianzia sokoni, kwenye meza za nyanya na mahindi. Wauzaji humwonjesha kila apitaye, na Rolande alionjeshwa pichi, jibini, soseji, na bluberi, ambazo alizitema kwenye kitambaa akasema hazikutoka ziwani. Tukaenda mji wa zamani akaona mto na meli. Mchana tulipanga foleni ya nyama ya moshi, ile ya ng'ombe inayokaa siku nyingi kwenye viungo kisha ikafukizwa, inakatwa vipande na kurundikwa kwenye mkate wenye haradali mpaka mkate wenyewe hauonekani. Rolande alisema atakunywa soda tu.

"Soda tu?" Réjean alishika kifua. "Mama mkwe, unataka yule mzee anayekata nyama aache kazi kwa huzuni? Kula nusu. Nusu si kula, ni adabu."

Alikula nusu. Kisha, huku anazungumza nami habari za mapazia, mkono wake ukaenda wenyewe ukaichukua nusu ya pili. Mimi niliona ni furaha ya mgeni. Sasa nikikumbuka jinsi alivyokuwa anatafuna, akisimama kila baada ya tonge kama mtu anayesikiliza mlango, najua hakuwa peke yake na ile nyama.

Alasiri tukapanda mlimani kwa gari, tukasimama pale ambapo mji wote unaonekana mpaka mtoni. Rolande alishika ukuta wa mawe akatazama muda mrefu. Alisema, "Mkubwa hivi, na siku zote ulikuwa hapa." Wakati wa kushuka kwa upande wa pili, kuba la kijani la kanisa la Mtakatifu Yosefu likachomoza juu ya miti. Rolande akakaa wima.

"Unaliona lile?" Réjean alinyoosha kidole. "Kule ndiko vibibi hupanda kwa magoti kuomba magoti mapya!"

Mimi nikacheka. Rolande akauliza polepole, "Ni mbali?"

"Hata! Hapo tu. Kwani unataka kwenda kuagiza goti?"

Ilikuwa nafasi yake. Neno moja lingetosha, gari lilikuwa limeshaelekea huko. Lakini alikumbuka ile rozari kwenye kamba ya nguo, na vicheko vya watu.

"Hapana, mwanangu. Nauliza tu."

Réjean akakata kona, kuba likabaki nyuma. Mficha uchi hazai, na mama mdogo alikuwa ameficha wake mpaka umemwelemea.

Jioni tukala putini, chipsi zilizomwagiwa mchuzi wa moto na vibonge vya jibini vinavyolia kwenye meno. Zipo hata kwao, lakini Réjean alishikilia kwamba za mjini ni dini nyingine. Alikuwa anasimulia juu ya mwenye gari aliyeiba koni yake moja akaiweka sebuleni kama taa, na Rolande akacheka mpaka akashika mbavu. Katikati ya kicheko akaweka uma chini. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, ndivyo isemwavyo, lakini yeye alikuwa ameshiba na mwenye njaa alimjua kwa jina.

Akaniomba simu, akaingia tena bafuni. Hakuweza kumwambia dada yake angoje tena. Akadanganya.

"Nimepanda, dada. Nimefika juu, nimemaliza. Kula sasa."

"Ahsante, mdogo wangu. Ngazi zikoje?"

"Za mbao."

"Na huko juu unaona nini?"

"Mji wote, mpaka mtoni."

"Vizuri. Basi nakula. Lala salama."

Jumapili asubuhi Réjean alivaa aproni. Basi la Rolande lilikuwa la saa saba mchana, na hakuna mgeni anayeondoka kwetu bila maharage yaliyopikwa na mafuta ya nguruwe, mayai, na sharubati nzito ya utomvu wa mti wa mepo juu yake. Alimwekea sahani mbele, akasugua mikono.

Rolande aliitazama sahani. Akaisukuma mbali. Nikadhani ameumwa.

"Mama mdogo, vipi?"

"Nimemwibia dada yangu," alisema, na hapo yakatoka yote, homa na nadhiri, magoti na tumbo, begeli, nyama, na ule uongo wa bafuni, huku machozi yakidondokea maharage. "Ameweka roho yake rehani kwa ajili yangu, nami nimekuja kula! Tena nimekula kwa raha! Kama ningekula kwa uchungu, lakini nilikula kwa raha, Mireille!"

Réjean alisimama na mwiko mkononi. Akataja tabenakulo, kisha akaona haya, akajaribu kutafuta neno jingine, akakosa.

"Ni kwa sababu yangu hukusema," alisema mwishowe.

"Ni kwa sababu ya ulimi wako," nikamwambia. "Vaa viatu."

Tulipofika chini ya kanisa, Réjean alifungua buti la gari, akatoa kinga zake za magoti za kazini, nene, za mpira.

"Vaa hizi, mama mkwe. Yosefu alikuwa seremala. Anajua vifaa vya kazi."

Rolande alitabasamu kidogo, kwa mara ya kwanza asubuhi ile, akatikisa kichwa. "Na Huguette, tumboni amevaa kinga gani?"

Pale kuna ngazi za pembeni za watu wa kutembea, na katikati ngazi za mbao za watu wa magoti. Rolande alivuta sketi, akapiga goti kwenye kidato cha chini, akafanya ishara ya msalaba, akaanza. Kila kidato alisimama akasali, kisha akashika kilicho mbele, akavuta goti moja, akavuta la pili. Mimi siamini mambo haya, na nilipoanza kumfuata kwa ngazi za pembeni na mkoba wake pamoja na mfuko wa begeli, nilikuwa bado siamini. Lakini sikuweza kumwacha kidato kimoja mbele yangu wala nyuma. Katikati mapafu yake yakaanza kupiga filimbi. Nikamwambia apumzike. Akasema alipumzika Ijumaa na Jumamosi.

Upande wa pili Réjean alipanda naye, kofia mkononi. Kijana mmoja wa matembezi akainua simu kupiga picha.

"Kampige picha mama yako!" Réjean akamfokea. "Huyu yuko kazini!"

Alifika juu. Soksi zilikuwa zimetoboka na magoti yanatoka damu kidogo. Tulimkalisha kwenye ukingo wa ukuta, nikapiga simu Roberval, nikaweka sauti kubwa kwa sababu mikono yake ilikuwa bado imeng'ang'ania ukuta.

"Dada," alisema, na pumzi ikamkatikia. "Dada…"

Alihema, akahema. Huguette alimngoja.

"Sasa ndiyo," Huguette akasema. "Sasa ndiyo umepanda."

Rolande alitutazama, macho yamemtoka. "Ulijua?"

"Mtu aliyeponea chupuchupu na mapafu yake, apande ngazi zile kwa magoti, halafu anipigie sauti imetulia kama ya mtangazaji wa redio? Rolande, mimi nimekulea."

"Nisamehe. Nilikudanganya, dada. Nilikuwa nimeshiba. Nilitaka tu ule."

"Najua."

"Lakini si ulisema unakula?"

"Nilisema. Nani kakwambia nilikula?"

Upepo ulikuwa unavuma pale juu, nikadhani sikusikia vizuri. Rolande alikuwa amesikia. Alifunika mdomo kwa mkono.

"Tangu Ijumaa? Dada! Kwa nini hukunikaripia? Ningetoka palepale, ningekuja hata kwa miguu!"

"Ndiyo maana sikukukaripia. Umri wote huo hujaona kitu ila ziwa na mimi. Nikasema, acha auone mji wake. Njaa ya siku mbili haijamwua mtu aliyekulia nyumbani kwetu." Akakohoa. "Mji mzuri?"

Rolande alilia kwanza. Kisha akajibu kwa sauti ya mtu aliye mbele ya padri. "Mzuri, dada. Mzuri sana."

"Ulikula nini?"

"Usiniulize hayo."

"Nakuuliza. Nilikuwa nakungojea mimi, nina haki ya kujua."

Akamwambia. Begeli, pichi, nyama ya moshi nusu ya kwanza na nusu ya pili, putini. Huguette alidai maelezo: haradali ilikuwa kali? Jibini ililia? Rolande alijibu kila swali huku akijifuta pua kwa mkono wa kikoti.

"Hizo begeli, niletee."

"Ninazo. Nilikununulia Ijumaa. Zimekuwa ngumu."

"Meno yangu ni ya dukani, yataweza. Sasa ngoja."

Tukasikia mkongojo ukigonga sakafu, mlango wa friji, sahani, droo ya vijiko. Kisha tukasikia anatafuna. Huguette alikuwa anakula ile pai, ya baridi, bila hata kuipasha moto, na hakukata simu. Tulisimama pale na mji wote chini yetu, tukimsikiliza mtu anakula. Réjean alitupa kisogo, akajifanya anatafuta mahali alipoegesha gari.

Rolande alirudi kwa basi la saa saba, magoti yamefungwa bendeji, mfuko wa begeli mapajani pale ilipokuwa ndoo. Tulimtilia mayai ya kuchemsha ya njiani. Alituambia baadaye kwamba aliyafikisha kwa Huguette mazima.

Mwezi uliopita tulikwenda kuwatembelea Roberval. Huguette alipakua supu, akampa kila mtu bakuli lake. Réjean akainua kijiko. Nikamkanyaga mguu chini ya meza, kwa sababu nilikuwa nimemwona mama mdogo. Alikuwa ameketi mikono mapajani, anamtazama dada yake. Tangu siku ile hali kitu mpaka aone tonge la kwanza la Huguette limeshuka. Na Huguette, ambaye si malaika, huchovya kijiko, akakiinua, akakipuliza, akakumbuka habari fulani ya jirani, akakirudisha bakulini, akaisimulia habari hiyo mpaka mwisho. Rolande humngoja, mpaka supu inapoa.